Kabla ya kuilaumu DLL, tenga nafasi ya safu

Wanaouliza kuhusu kosa namba 1097 la LabVIEW (lugha ya kuandika programu kwa michoro), linalotokea msimbo wa nje unapokwama, huanza kwa kuilaumu DLL, yaani maktaba ya msimbo huo wa nje. Mara nyingi haina hatia: imepewa anwani ya kumbukumbu, ikaandika kuanzia hapo kama ilivyoagizwa, ikakuta nafasi haitoshi.

Fanksheni ya C inayopokea `double *data` haijui safu yako ina urefu gani, inajua inapoanzia tu. Ukiiunganishia safu tupu ukitegemea irudi imejaa, hakuna atakayekutengea nafasi. Tanguliza Initialize Array yenye vipengele 1000 vya DBL (namba za desimali za baiti 8), yaani baiti 8000, kisha kwenye mipangilio ya Call Library Function Node (nodi inayoita DLL) chagua Array, 8-byte Double, na muundo wa Array Data Pointer. Matokeo yachukue kwenye waya unaotoka kulia kwa nodi.

Halafu soma kwa makini faili ya `.h`, inayoorodhesha fanksheni za maktaba na vigezo vyake: kigezo cha ukubwa, tuseme `n`, ni idadi ya vipengele au ya baiti? Maktaba ikitaka vipengele nawe ukaipa 8000, itaandika baiti 64000 mahali pa 8000. Afadhali programu ingeanguka palepale. Kawaida huendelea vizuri tu, kisha LabVIEW inazimika unapofunga VI (programu yako ya LabVIEW), nawe unaanza kutafuta kosa mahali pengine kabisa. Wakati wa majaribio weka Error Checking kwenye Maximum. Inapunguza kasi, lakini hunasa maandishi yaliyopita mwisho wa safu.

Array Handle, muundo wa safu wa LabVIEW yenyewe, achana nayo, isipokuwa maktaba iliandikwa mahsusi kwa ajili ya LabVIEW.

DLL ikikurudishia pointa, yaani anwani ya kumbukumbu, ipokee kama Unsigned Pointer-sized Integer na kwenye mchoro iwe U64 (namba kamili ya biti 64). Ukitumia U32 kwenye LabVIEW ya biti 64, nusu ya juu ya anwani inakatwa. Unapoirudisha kwa fanksheni inayotaka `void *`, ipitishe kama Value. Ikitaka `void **`, Pointer to Value. Kuchanganya haya mawili ndiyo makosa ninayoyaona zaidi, hata kwa watu wanaoijua C vizuri. Kusoma data iliyo nyuma ya pointa, tumia MoveBlock: jina la maktaba andika LabVIEW, na vigezo ni vitatu, chanzo (Value), safu ya kupokelea ambayo imeshatengewa nafasi, na idadi ya baiti.

Kuna maktaba zinazohifadhi anwani uliyozipa na kuendelea kuijaza nyuma ya pazia, hasa za kamera na vifaa vya vipimo. Safu ya kawaida ya LabVIEW haifai hapo, kwa sababu nodi ikishamaliza, LabVIEW iko huru kuihamisha au kuifuta. Tenga kumbukumbu kwa DSNewPtr, na uiachie kwa DSDisposePtr baada ya kuisimamisha maktaba, si kabla. Kumbukumbu iliyotengwa na DLL yenyewe iachie kwa fanksheni ya DLL hiyohiyo.

Safu ya 2D ya LabVIEW imepangwa safu mlalo moja baada ya nyingine katika bonge moja, kwa hiyo haiingii kwenye `double **`, ambayo ni orodha ya pointa, moja kwa kila safu mlalo. Usihangaike kulazimisha. Andika DLL ndogo ya kati inayopokea `double *data`, ijaze orodha ya pointa kwa `rows[i] = data + i * cols`, kisha iite fanksheni halisi.