Mchezaji akikuuliza hadithi ipi ya miungu ndo ya kweli, usimjibu

Wiki hii kuna msomaji kaniandikia, anaendesha kampeni ya RuneQuest, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kule Glorantha, dunia yake ya kubuni, na wachezaji wake wanagombana kila wakikutana, eti Orlanth alifanya haki kumuua Yelm au alikosea, sasa anataka nimwambie ipi ndo kweli ili amalize ubishi. Ndugu yangu, usiumalize. Mi niliumaliza, ukaniharibia meza.

Nilikuwa nawapenda mno watu wa Orlanth, mungu wa dhoruba. Kwao Yelm, yani jua, alikuwa mfalme dhalimu, Orlanth akamuua kwa upanga wa Kifo. Wakati huohuo mchezaji wangu mmoja alichagua shujaa wa Dara Happa, himaya ya waabudu jua, na kwao mambo ni kinyume kabisa: Yelm ndo haki yenyewe, aliyemuua wanamwita Rebellus Terminus, muasi aliyeitia dunia gizani. Dada yule alikuja na karatasi mbili za sala alizotunga mwenyewe, mwandiko mdogomdogo mpaka pembeni. Sesheni ya nne akauliza kama Yelm kweli alikuwa dhalimu, nikamjibu, "Ndio, watu wako wanakudanganya." Akaokota dadu zake moja moja akazitia kwenye kimfuko, hakusema neno tena, na hakurudi. Inaniuma mpaka leo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa sijaelewa hata upande niliokuwa nautetea. Watu wa Orlanth wenyewe wanakiri kifo kile kilifungulia maafa, ndo maana Orlanth akashuka kuzimu na wenzake sita kupatana na Yelm, na jua lilipochomoza tena ndipo Wakati, yani historia yenyewe, ukaanza.

Greg Stafford aliianza hii dunia mwaka 1966, na RuneQuest ikatoka 1978, na tangu mwanzo nguvu yake iko hapo: hadithi inafanya kazi. Shujaa anaingia Enzi ya Miungu, anapita hatua zilezile za mungu wake, akifaulu anarudi na baraka kwa watu wake. Sasa huko ndani adui yako naye yumo kwenye hadithi yake, na kwenye hiyo hadithi wewe ndo shetani. Kuna waliojaribu kuziunganisha hadithi zote ziwe moja, wanaitwa God Learners, wakafika mpaka kubadilishana miungu wawili wa kike wa nafaka kati ya nchi mbili kwa kuamini ni yuleyule tu. Mazao yakaharibika, na mwisho himaya yao nzima ikaangamia. Mi pale mezani nilifanya dhambi yao hiyohiyo.

Kundi langu la sasa nimelibadilishia utaratibu. Kila mchezaji nilimpa hadithi ya kabila lake kwenye karatasi yake, na hairuhusiwi kuonyeshana. Mwezi uliopita mmoja akaenda kumuua Mfalme, mwingine siku hiyohiyo akaenda kuketi kwenye kiti cha Yelm, na hawakujua mpaka nikasema mlango umefunguka na mtu mwenye upanga amesimama pale. Meza nzima kimya. Wakarusha dadu, wa upanga akashindwa. Basi msimu ule mawingu hayakufika kijijini kwake, kondoo wakaanza kulamba mawe ya kisimani, na kule mjini makuhani wakaandika kwamba jua limethibitisha haki yake. Walioshindwa nao wana lao, kwamba dhalimu kaonyesha udhalimu wake.

Kwa hiyo wewe unayeendesha meza, heshimu imani ya mhusika hata kama huipendi. Usitoe hukumu. Akiuliza ukweli muulize watu wake wanasema nini, kisha mwache aende mwenyewe akapambane nalo, na akirudi kitu kibadilike, mto, mvua, mtoto kuzaliwa na alama, chochote kinachoonekana, maana bila hicho mnabaki kubishana maneno tu. Na narudia, usitoe hukumu, wachezaji wanakupa moyo wao pale.

Sasa hivi tunakaribia mambo ya Mungu wa Kike Mwekundu, aliyezaliwa ndani ya Wakati mwaka 1220 wa kalenda ya huko, na kufika 1247 akapanda angani akawa mwezi. Mchezaji wangu wa Yelm ameshanitumia kurasa tatu kueleza kwa nini mwezi ule ulipanda kwa ruhusa ya jua. Wa Orlanth bado hajazisoma.