Kabla ya kufundisha leseni, someni fomu ya uthamini

Wanasheria wapya mnaopangiwa Mtwara na Lindi, ama kufundisha sheria za nishati na miundombinu ama kuongoza vitengo vinavyozisimamia, wengi wenu mtafika na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 mkononi, kama nilivyofika mimi. Somo langu la kwanza kwa wajumbe wa serikali ya kijiji, katika kijiji kimoja kilichopitiwa na mkuza wa bomba la gesi, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba hilo, lilianza na aina za leseni na ugawanaji wa mapato. Baada ya saa nzima, mzee mmoja alitoa mfukoni nakala ya fomu ya uthamini, ile inayoorodhesha mali ya kulipiwa fidia, iliyochanika kwenye mikunjo, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa penye mikorosho yangu." Fomu ilisema mikorosho hiyo ni michanga, ilhali mzee alisisitiza kwamba ilikuwa ikizaa kabla mwanawe wa kwanza hajaanza shule. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa sikuwahi kuisoma fomu hiyo hata mara moja.

Tangu siku hiyo huanza na ardhi. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 ni mali ya Taifa, lakini bomba, barabara na nguzo za umeme hupita katika shamba la mtu. Kwa hiyo Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967, inayohusu serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zitangulie zile za petroli na umeme. Wafundisheni wanafunzi kuichambua fidia kipande kwa kipande: thamani ya ardhi, thamani ya mazao na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, pamoja na faida iliyopotea. Wapeni fomu halisi, majina yakiwa yamefutwa, wakague hesabu yake hadi mwisho.

Fundisheni kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, ingawa sheria nyingi mtakazozitumia ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwanasheria asiyeweza kueleza "mkuza" au "utwaaji" mbele ya mkutano mkuu wa kijiji bado hajaielewa sheria yenyewe.

Kwenye uongozi, jambo gumu zaidi ni kukiri ukomo wa mamlaka yako. Vurugu za Mtwara za mwaka 2013, wakati wa mradi wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, zilikuwa na sababu nyingi, na sipendi anayezifupisha kuwa ni ujinga wa wananchi. Watu waliuliza watafaidikaje, na kwa maoni yangu majibu yalichelewa. Ukiulizwa kuhusu ajira usiyoisimamia, sema huisimamii, taja ofisi inayohusika, na swali hilo liandikwe kwenye muhtasari. Ukiulizwa kuhusu ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, usihutubie. Mwombe mweka hazina wa halmashauri aje na taarifa ya makusanyo, na mkutano uahirishwe hadi siku atakayoweza kufika.