Muulize Fundi Sauti: Gauni la Kitenge na Maiki ya Kifuani

*Mwanangu, mimi ni mkunga, kazi nimeianza mwaka 1994. Nimeombwa kuzungumza Siku ya Wakunga Duniani, tarehe 5 Mei, dakika 20 ukumbini, na kamera zitarekodi. Nimeambiwa nitafungwa ile maiki ndogo ya kubana kifuani. Tumenunua sare, kitenge, na mshono tuliochagua ni gauni refu la shingo ya mviringo, zipu mgongoni. Navaa hijabu pia. Mwaka juzi mwenzangu alifungwa maiki hiyo kwenye semina. Kijana wa mitambo alimpapasa mpaka dada wa watu akaona aibu, na alipoanza kusema tulisikia mkwaruzo mtupu. Nivae nini?*
*Mkunga, Tanga*

Shikamoo mama. Nianze na aibu aliyoipata mwenzako, kwa sababu inaniuma kuliko ule mkwaruzo. Nimefunga watu maiki kwa miaka 14, na wanawake wengi niliowafunga walifika wakiwa na hofu hiyo hiyo. Dawa yake kubwa iko kwa fundi cherehani, tena kabla hajashika mkasi.

Maiki ya kifuani ni vitu viwili. Kuna kichwa chake, kidogo kama punje ya harage, na kuna kisanduku cha betri kinachorusha sauti, kinachoenea kiganjani. Katikati ni waya. Kila mtu hukumbuka kichwa, kisanduku husahaulika, na hicho ndicho kinachotaka pa kukaa: mkanda, kiuno cha sketi au mfuko. Gauni lako halina hata kimoja kati ya hivyo. Waya inabidi upite ndani, mlango pekee ni zipu ya mgongoni, na hapo ndipo mikono ya kijana inapoanza kuhangaika mahali isipostahili kufika.

Kwa hiyo kama kitenge hakijakatwa, mama, shona blauzi na sketi. Sare itabaki sare. Kisanduku utakipachika mwenyewe kwenye kiuno cha sketi, upande wa nyuma, waya utaupandisha chini ya blauzi, na fundi hatakuwa na haja ya kukugusa. Kama gauni limeshakwisha, mwambie fundi cherehani aache tundu dogo kama la kifungo kwenye mshono wa ubavuni, usawa wa kiuno. Siku yenyewe jifunge mkanda wa kitambaa juu ya gauni, pachika kisanduku hapo nyuma, waya uingie tunduni na kutokea shingoni. Hijabu ikishuka vizuri itafunika yote. Ingia chumbani na mwenzako, mfanye kazi hiyo wawili, mlango umefungwa. Fundi anayeheshimu kazi yake atakuelekeza kwa mdomo na kusubiri nje. Akitaka kuingiza mkono, mkatalie bila kuona haya.

Usikubali kisanduku kipachikwe kwenye shingo ya gauni kwa nyuma. Nilimfanyia hivyo mama mmoja nilipokuwa mgeni katika kazi. Gauni lake lilikuwa jepesi, kisanduku na betri zake mbili kikawa kinalivuta, shingo ikamkaba. Alizungumza nusu saa nzima huku akilivuta gauni mbele. Nilimwomba radhi, lakini hotuba yake ilikuwa imeshaharibika.

Sasa mkwaruzo. Maiki hii kwa kawaida husikia pande zote. Haichagui mdomo wako ikaacha nguo yako. Kitambaa kikisuguana karibu nayo, ukumbi mzima utasikia. Kipimo ni rahisi: weka nguo sikioni, isugue kwa vidole viwili. Ukisikia kelele, basi maiki itaisikia zaidi. Kitenge kipya kutoka dukani kimekakamaa kwa dawa ya kiwandani na hulia kama karatasi. Kifue mara mbili tatu kabla ya siku, kilainike. Kinachowaponza wengi ni bitana. Kitenge kinaweza kuwa laini kabisa, lakini ndani kimetiwa bitana ya nailoni au satini, na vitambaa hivyo viwili vikisuguana kila unapovuta pumzi, hakuna fundi mitambo atakayekuokoa. Omba bitana ya pamba, au kifuani isiwekwe kabisa.

Hijabu yako iwe ya pamba au ya jezi, kile kitambaa laini kinachovutika, si satini. Maiki ikae juu ya hijabu, katikati ya kifua, shibiri moja chini ya kidevu. Wapo wanaopenda kuificha ndani ili isionekane kwenye kamera. Mimi sipendi: kitambaa huisugua, na sauti hutoka imefifia kama ya mtu anayezungumza ndani ya shuka. Bana hijabu kwa pini mbili, moja kila upande wa maiki, zisiwe karibu sana nayo, ili kitambaa kisitembee unapogeuza shingo. Kama ni shifoni, haina nguvu ya kushika klipu. Weka kipande cha kitambaa kigumu kidogo kwa nyuma.

Vua kitambulisho cha mkutano, kile chenye utepe wa shingoni. Hicho kimewaharibia watu wengi zaidi ya mikufu, kwa sababu mtu husahau kwamba amekivaa, nacho kinagonga maiki kila anapoinama kusoma karatasi. Na wewe mama, kama unavaa ile saa ya kubandika kifuani, siku hiyo ibaki kwenye mkoba.

Jambo jingine si nguo, ila kwa kazi yako naona nilitaje. Utakapofika kuwazungumzia kina mama waliopotea wakijifungua, mkono utataka kwenda moyoni wenyewe. Ukitua juu ya maiki, ukumbi utasikia kishindo mahali ambapo ulitaka kimya. Fanya mazoezi nyumbani: mkono ushuke, utulie tumboni. Nakwambia mapema kwa sababu maneno hayo nataka yasikike yote.

Maua makubwa ya kitenge hayana tatizo kwenye kamera. Epuka mistari myembamba iliyobanana, maana kwenye picha huonekana kama inatembea.

*Dada, shikamoo. Mimi husherehesha harusi hapa Mombasa, navaa kanzu na koti. Maiki nibane kwenye kanzu au kwenye koti?*
*Mshereheshaji, Mombasa*

Marahaba. Bana kwenye ukosi wa koti, upande unaougeukia zaidi. Kama maharusi wanakaa kuliani kwako, bana kulia. Ukiwageukia, mdomo utaikaribia maiki badala ya kuikimbia. Koti lifungwe kifungo kimoja, lisipepee. Kisanduku kitie mfuko wa nje wa koti, antena yake isikunjwe, na simu ikae mbali nacho. Usikitie mfuko wa kanzu: ukikaa utakikalia, na ukisimama kinazunguka na kuvuta waya.

Juu ya joto la Mombasa, amua mapema. Ukihisi hutalivumilia koti mpaka mwisho, livue kabla hatujakufunga, tubane kwenye shingo ya kanzu. Kulivua katikati ya shughuli, maiki ikiwa hewani, ni kuwapigia wageni wote kishindo masikioni.