Vuta kiti kabla hujafungua faili

Kila mwaka tunapokea vijana waliomaliza miaka minne ya shahada ya famasia, wanakuja kwa mwaka wao wa uintani, yaani mafunzo ya kazini. Wanafika na makoti meupe yaliyopigwa pasi, kikokotoo mfukoni, na hofu ya wodi. Pale dirishani famasi hawana shida: cheti kinaingia, dawa inatoka. Wodini hawajui wasimame wapi. Daktari ana kazi yake, nesi ana kazi yake, mfamasia anaonekana mgeni. Najua hali hiyo, maana na mimi nilisimama palepale, nyuma kabisa ya raundi ya madaktari wanaopita kitanda kwa kitanda, nimekumbatia daftari. Nawaandikia ninyi, na pia wafamasia wa siku nyingi wa hospitali zetu za Dar ambao bado hawajashuka wodini.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: anza na mgonjwa mwenyewe. Kabla ya faili, kabla ya raundi, kabla ya kitabu cha dozi. Kaa karibu naye umsikilize. Utafiti wowote wa maana niliowahi kushiriki ulitokana na jambo nililolisikia kitandani, na somo lolote lililowakaa wanafunzi wangu kichwani lilitoka hukohuko.

Nitawapa mfano wa bibi mmoja wa Mbagala. Aliletwa baada ya kuanguka uani kwake. Faili lilisema ana presha, miguu imevimba, anapata kizunguzungu, anatumia amlodipini ya presha na furosemidi ya kukojoza. Ukisoma faili peke yake, hakuna la ajabu. Nikavuta stuli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, dokta."

"Bibi, ukiamka asubuhi, kabla ya chai, unameza nini?"

Akamwagiza mjukuu wake alete kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo ndipo dawa zake zilipokaa. Kibahasha cha kituo cha afya kilikuwa na amlodipini ya miligramu 10. Chini yake palikuwa na pakiti ya rangi, aliyonunuliwa na mwanawe duka la dawa. Jina la kibiashara lilikuwa kubwa mbele; jina la dawa yenyewe liliandikwa chini kwa herufi ndogo ambazo hata mimi nilizisogeza dirishani nizione: amlodipini, miligramu 10. Bibi alikuwa anameza zote mbili kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa. Kwake zilikuwa dawa mbili tofauti, "ile nyeupe ya kliniki na ile ya mwanangu."

Sasa fuatilia kilichotokea. Amlodipini huvimbisha miguu, na dozi ikipanda uvimbe nao hupanda. Bibi akaenda kulalamikia miguu, akapewa furosemidi ya kutoa maji. Lakini uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo imelegea na inavujisha maji pembeni, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiusaidii sana. Inachofanya ni kumkojoza bibi wa watu usiku na mchana, kumpunguzia madini ya potasiamu, na kuishusha presha ambayo tayari ilishashushwa mara mbili. Akasimama ghafla, dunia ikazunguka, akaanguka. Dawa moja ilizaa dalili, dalili ikazaa dawa nyingine.

Wala hapakuwa na mzembe. Mtu wa kituo cha afya, mtu wa duka la dawa, aliyempa furosemidi, mwanawe aliyetoa pesa mfukoni kumpenda mama yake: kila mmoja aliona kipande chake. Habari nzima ilikuwa ndani ya kopo. Nilizungumza na daktari, tukabaki na amlodipini moja, furosemidi ikasimamishwa, potasiamu ikapimwa.

Ndiyo maana nawaambia intani wangu wasiulize "unatumia dawa gani?" Swali hilo huzaa jibu fupi: situmii. Mgonjwa wetu anaposikia neno dawa, mara nyingi anafikiria ile ya ugonjwa uliomleta leo. Dawa ya sukari aliyoizoea miaka kumi, uzazi wa mpango, dawa za maumivu za dukani, hazihesabu. Uliza siku yake inavyokwenda: asubuhi unameza nini, usiku je, kuna sindano unayochomwa, kuna dawa unayochukua kliniki nyingine? Na za kienyeji usiziulize kwa sura ya hakimu. Mimi husema, "Nyumbani mlijaribu nini kabla ya kuja?" Hapo utaletewa chupa yenye maji ya kahawia kutoka chini ya kitanda, na utaambiwa imenunuliwa Kariakoo na inanywewa kikombe kimoja.

Hilo la kliniki nyingine lisikupite. Mgonjwa wa kifua kikuu anaweza kuwa anachukua dawa zake mahali pengine kabisa, na faili la wodi lisijue. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, hulifanya ini liunguze dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, damu yake itaanza kuganda wakati karatasi inaonyesha dozi sahihi. Anayetumia dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku anatakiwa aimeze mara mbili kwa siku wakati wote anapotumia rifampisini. Swali moja ulilouliza kwa upole linaokoa mambo hayo yote.

Nina kisa kingine ambacho kilinibadilishia namna ya kuzungumza na wagonjwa. Baba mmoja, fundi seremala wa Buguruni, aliruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya kuua bakteria, kila baada ya saa nane. Aliporudi kuangaliwa kidonda kilikuwa bado kibichi. Nikamuuliza kama aliruka dozi. Alinijibu kwa uchungu kidogo: "Sijaruka hata siku moja, dokta. Saa nane mchana nakunywa, na saa nane za usiku naweka alamu naamka nakunywa."

Nilinyamaza. Sisi tulisema saa nane tukimaanisha muda wa kupita. Yeye alisikia saa nane ya kwenye saa ya ukutani. Lugha ni yetu sote, na bado tulimpoteza. Tangu siku hiyo sisemi "kila saa nane." Nasema alfajiri saa 12, mchana saa 8, usiku saa 4 kabla hujalala. Anayeswali namfungia dozi kwenye swala zake, na ukikaribia mwezi wa Ramadhani namuuliza mapema atafanyaje. Hata "1x3" tunayoiandika kwenye vibahasha naisoma kwa sauti mbele yake. Kisha namwomba anirudishie: "Hebu niambie, ukifika nyumbani utazinywaje?" Asiporudisha sawasawa, kosa ni la maelezo yangu, narudia upya.

Tuje kwenye raundi, na hapa nitakiri kosa langu. Nikiwa intani, tulikuwa kwa mgonjwa mwenye figo zilizochoka, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, iko juu. Amepewa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Nilikuwa nimetoka kusoma kuhusu kupunguza dozi kwa wagonjwa wa figo, nikajitosa mbele ya wote, mgonjwa na ndugu zake wakisikia: dozi hii ipunguzwe. Daktari bingwa akaniuliza kwa utulivu, "Umesoma wapi?" Sikuwa na pa kuonyesha. Seftriaksoni hutoka kwa njia mbili, figo na nyongo, na kwa figo peke yake kuharibika dozi za kawaida hazipunguzwi. Ningesema hivyo kuhusu jentamaisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ningekuwa sahihi, kwa sababu hiyo hutoka kwa figo na huziumiza figo hizohizo. Nilichukua kanuni ya dawa moja nikaivisha nyingine.

Daktari hakunitukana. Lakini kwa wiki kadhaa kila nilichosema kilipokelewa kwa shaka, na katika wiki hizo kulikuwa na mambo mawili matatu niliyokuwa sahihi kabisa, yakapita. Aliyelipa ni mgonjwa. Kwa hiyo: fika saa moja kabla ya raundi, pitia chati, kokotoa uwezo wa figo kwa umri, uzito na kreatinini, fungua mwongozo wa matibabu wa taifa, weka alama kwenye ukurasa. Lenye haraka mwambie daktari pembeni kabla hamjafika kitandani. Na unapokosoa dozi, nenda na pendekezo: dawa gani, kiasi gani, kila baada ya muda gani, nini kipimwe na lini.

Kuna wanaouliza kama kweli uwepo wetu wodini una faida inayopimika. Mwaka 1999 ilichapishwa makala ya utafiti kutoka Boston, Marekani, uliofanyika wodi ya wagonjwa mahututi ya Massachusetts General Hospital. Mfamasia aliingizwa kwenye raundi ya asubuhi. Madhara ya dawa yaliyoweza kuzuilika, yale yanayoanzia kwenye kuandika dawa, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa, na madaktari walikubali asilimia 99 ya mapendekezo yake. Wodi ile si wodi yetu, yenye feni mbili na ndugu wamejaa kwenye korido. Lakini sababu ya kufanikiwa inafika hadi huku: yule mfamasia alikuwepo wakati uamuzi unafanyika. Hakusubiri cheti kimfikie dirishani, dozi imeshaandikwa na ya kwanza imeshachomwa.

Sasa utafiti. Neno hili huwatisha vijana, wanafikiri ni lazima fedha za wafadhili na maabara. Utafiti wangu huanza na daftari la shilingi chache. Kila siku naandika tarehe, swali lililotokea, tulijibu nini, ikawaje. Siandiki jina la mgonjwa. Baada ya miezi mitatu nalisoma daftari lote kwa mkupuo, na swali linalojirudia linajionyesha lenyewe.

Mara moja lililojirudia lilikuwa visanduku vitupu kwenye chati za dawa, hasa dozi za kwanza. Rahisi kusema manesi wanasahau. Ningeishia kuhesabu visanduku, ningeandika hivyo na ningewadhulumu. Nikaenda kukaa na sista kiongozi. Akanieleza: dawa isipokuwepo famasi ya hospitali, ndugu huandikiwa akanunue nje. Aliye na mgonjwa asubuhi ni shangazi aliyeleta uji. Mwenye pesa yuko kazini, atakuja jioni muda wa kuona wagonjwa. Dawa iliyoandikwa saa nne asubuhi inaanza usiku. Tulipojua hivyo tulibadilisha kazi yetu: mfamasia anapita mara tu baada ya raundi, anasema kipi hakipo, na anatafuta mbadala uliopo ndani ya mwongozo kabla ndugu hajatumwa popote.

Kwa anayeanza, nampa swali la dawa ya kinga kabla ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya operesheni kwa ajili ya kinga tu. Chukua chati, angalia ilitolewa lini na ilisimama lini. Kazi hiyo haihitaji mashine yoyote, na inakufundisha mengi kuhusu seftriaksoni, ambayo shirika hilohilo limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu ili usugu wa bakteria kwa dawa usizidi.

Ruhusa ni kabla ya kukusanya taarifa, kamwe si baada. Ukitaka kuboresha wodi yako, nenda kwa uongozi na Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali. Ukikusudia kuchapisha, pitia kamati ya maadili ya chuo chako au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Usipige picha chati za watu kwa simu. Matokeo yakipatikana wapelekee kwanza walewale manesi na madaktari wa wodi ile, wayasikie kutoka kwako, kabla ya kongamano lolote. Na ukikutana na madhara ya dawa usiyoyatarajia, jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, siku hiyohiyo, ungali unakumbuka.

Mtaniuliza muda mtautoa wapi, wodi ina vitanda arobaini na ninyi ni wawili. Hamtawamaliza, msijidanganye. Chagueni wazee wenye dawa tano na kuzidi, wenye figo zilizochoka, watoto wachanga, na wanaoruhusiwa leo. Dakika kumi na tano kwa kila mmoja. Ukiwa hujui uanze na yupi, muulize sista anayemaliza zamu ya usiku ni mgonjwa gani hakulala.