Mgeni wa Rotary anapolala nyumbani kwako

Ndugu zangu mlioingia klabuni karibuni, nasikia na nyinyi mmeandikwa kupokea wageni wa mabadilishano ya urafiki ya Rotary, yaani wanachama wa klabu za nje wanaokuja kukaa majumbani mwetu, kisha na sisi twende kwao. Karibuni sana katika kazi hii. Mimi nimeshapokea mara kadhaa hapa Unguja, na ninalotaka mlishike kwanza ni hili: mpeni mgeni muda wa kukaa nyumbani.

Mara ya kwanza tulipata mtu na mkewe kutoka Ujerumani. Niliogopa wasije wakaona kwetu hakuna kitu, basi kwa siku moja nikawapeleka Changuu kwenye makobe, Kizimbani kwenye viungo, Jozani kwa kima punju, na usiku Forodhani. Walirudi hoi. Kesho yake mvua ikatufungia ndani. Mama alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi, yule bibi akaomba naye ajaribu. Nazi tatu zikaisha, lugha hawaelewani, na kicheko nakisikia mpaka ukumbini. Pale ndipo urafiki ulipoanza. Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sasa sisubiri siku ya tatu.

Kabla hujakubali kupokea, zungumza na watu wa nyumbani. Anayepika na anayehama chumba ndio wenye kubeba mzigo. Mjulishe na sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu. Mgeni naye mwandikie mapema: viatu vinabaki mlangoni, nguo za heshima mitaani, na kama ni Ramadhani, mwambie siku yetu inakwendaje. Mwambie pia kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi lazima akate bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata akiwa na ya kwao. Akiyajua hayo uwanjani baada ya safari ndefu, anaanza na kinyongo.

Kuhusu fedha, eleweni vizuri. Katika mabadilishano haya ya urafiki ya Rotary, kila msafiri hujilipia nauli. Mwenyeji hutoa kitanda, chakula na wakati wake. Niliwahi kuona mwenzetu akitoa karatasi za kuombea fedha za mradi wa kisima usiku wa kwanza, sahani za biriani bado ziko mbele ya watu. Uso wa mgeni ulibadilika, na mimi niliumia sana. Kisima kinahitajika, nakubali, lakini kina njia yake: klabu kwa klabu, baada ya watu kujuana.

Halafu zamu yenu ya kwenda itafika. Wekeni akiba tangu sasa. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15, kwa hiyo msingoje wiki za mwisho.

Sisi tulipokwenda, mama alitupa mbuzi mpya ya kukunia nazi tumpelekee rafiki yake. Tulipofika, yule bibi alikuwa ameshanunua nazi.