Nyanya kubaki njano kwenye joto

Pole ndugu, nimekusoma, nyanya zimekomaa ila kwa hili joto zinabaki njano tu hazishiki wekundu. Iko hivi, mmea ukipigwa na joto unatengeneza protini za mshtuko wa joto, kazi yake kuzishikilia protini zingine zisiharibike, sasa hizo zinasaidia kulinda tunda ila wekundu bado hauji, maana kupita nyuzi 30 hivi ile laikopini inayotia wekundu inagoma kutengenezwa. Mimi huwa nachuma zikianza tu kubadilika naziweka ndani, nyuzi 20 hadi 25, zinaiva freshi. Friji achana nayo, chini ya nyuzi 12 tunda bichi linaumia na baridi. Ukiona majani yanajikunja au madoadoa muite afisa kilimo, hapo huenda sio joto tu.