Maswali ya Wasomaji: Seva inatoa onyo la pawa saplai, lakini haizimi

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu seva (kompyuta kuu za ofisi) zenye pawa saplai mbili, yaani vifaa viwili vinavyoilisha umeme. Onyo linalojirudia ni "Redundancy Lost", yaani seva haina tena akiba: pawa saplai moja ikifa, hakuna nyingine ya kuibeba. Sababu zake, kama mtakavyoona, hazifanani hata kidogo.

SWALI: Seva ya hoteli yetu inatoa onyo hilo karibu kila jioni, kisha baada ya dakika mbili tatu linajifuta lenyewe. Pawa saplai ya kwanza iko kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), ya pili iko kwenye soketi ya ukutani kupitia friji-gadi. Tumeshanunua pawa saplai mpya ya pili, na onyo limerudi vilevile. Tubadilishe nini tena?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Pole kwa hela iliyotoka. Ile pawa saplai ya zamani usiitupe, kwa sababu inaelekea ni nzima. Anayekusumbua ni friji-gadi.

Soma lebo ya pawa saplai yako. Kama ni ya wati 495 au 750, mara nyingi utakuta imeandikwa 100–240V. Umeme wetu ni wa volti 230, ila jioni hita za maji na majiko yakiwashwa mtaa mzima, unakuja mdogo. Ukishuka hadi 180, pawa saplai haina habari: inavuta ampea zaidi kidogo na kazi inaendelea. Friji-gadi ina kazi nyingine kabisa. Imetengenezwa kulinda mota ya friji, ambayo umeme mdogo huiunguza, kwa hiyo nyingi hukata volti zikifika karibu 185. Umeme ukikaa sawa, hazirudishi papo hapo; husubiri dakika moja na nusu au zaidi ili msukumo wa gesi ndani ya friji utulie kwanza. Seva haina gesi. Dakika mbili tatu unazoziona ni hizo za kusubiri.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Kama seva inatumia Linux, andika `ipmitool sdr type "Power Supply"` uone hali ya sasa, kisha `ipmitool sel elist` usome matukio yaliyopita. Ukikuta "Power Supply AC lost", pawa saplai yenyewe iko hai na inakuambia kwamba haioni umeme unaoingia; anza kutafuta kwenye waya wake, urudi nyuma hadi ukutani. Ukikuta "Failure detected", hapo ndipo pawa saplai yenyewe inapotuhumiwa. Maneno hayo mawili yangesomwa mapema, ile mpya isingenunuliwa.

Angalia na saa. Kumbukumbu hizi mara nyingi zinafuata saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Tukio lililoandikwa 16:10 limetokea saa 1:10 jioni. Fundi asiyejua hili anahangaika kuuliza nani aligusa seva saa 10 alasiri, wakati jibu liko kwenye umeme wa jioni.

Dawa: toa friji-gadi, weka stabilaiza, au bora zaidi UPS ya pili. Msishawishike kuchomeka pawa saplai zote mbili kwenye UPS moja. Onyo litanyamaza kweli, lakini siku UPS hiyo ikifa, seva nzima inazima. Ukiweka UPS mbili, kila moja iweze kubeba seva yote peke yake. Zote zikiwa kazini, kila moja isizidi kama asilimia 40 ya uwezo wake, maana mwenzake akianguka mzigo unakuwa mara mbili ghafla. Na hesabu kwa wati, si kwa VA (volti mara ampea). UPS ya VA 1500 inaweza kuwa ya wati 900 tu. Chagua inayotoa wimbi laini kama la TANESCO. Zile za bei rahisi zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi zikiwa kwenye betri, pawa saplai nyingi za seva hazielewani nazo, na onyo litarudi kila umeme unapokatika.

SWALI: Seva ya ofisi yetu, pawa saplai namba 1 inawaka taa ya njano inayopepesa; namba 2 ni kijani. Nataka kubadilishana waya zao nijue kama tatizo ni waya au ni pawa saplai. Seva haitakiwi kuzima mchana. Je, ni salama?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Usifanye hivyo! Namba 2 ndiyo imeibeba seva peke yake sasa hivi. Ukichomoa waya wake hata kwa sekunde moja, umeizima.

Acha namba 2 kama ilivyo. Tafuta waya mwingine ambao una uhakika nao, uchomeke kwenye soketi nyingine kabisa, kisha uulete kwenye namba 1. Taa ikiwa kijani, kosa lilikuwa kwenye waya au soketi ya zamani. Fungua plagi yake ya pini tatu utazame fyuzi. Halafu geuza ncha inayoingia kwenye seva uangalie matundu yake matatu: plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia au imelainika pembeni mwa tundu moja, mguso wa ndani umelegea na ulikuwa unapata moto. Waya huo ukatwe, usirudi kwenye droo ukamsubiri mtu mwingine.

Taa ikibaki njano, chomoa waya wa namba 1 kwanza, bonyeza kishikizo, vuta pawa saplai taratibu. Subiri nusu dakika. Futa vumbi kwenye feni yake na utazame meno ya dhahabu yaliyo nyuma. Irudishe hadi usikie mlio wa kushika, ndipo uchomeke waya. Bado njano? Agiza nyingine. Wakati unaisubiri, iache ile mbovu ndani ya tundu lake bila waya, kwa sababu tundu likiwa wazi hewa ya feni inapotea njia.

SWALI: Nina seva ya Dell PowerEdge. Pawa saplai moja inasoma wati nyingi, nyingine karibu sifuri, na hakuna onyo lolote. Inakufa?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Imelala tu. Mpangilio unaoitwa Hot Spare huiacha moja ifanye kazi na nyingine ipumzike ili kuokoa umeme. Mzigo ukipita asilimia 50 ya ile iliyo kazini, iliyolala inaamka. Ukishuka chini ya 20, inalala tena. Ukitaka zigawane mzigo, zima mpangilio huo kwenye iDRAC (ukurasa wa Dell wa kusimamia seva), sehemu ya umeme.

SWALI: Tuliongeza diski sita na kadi ya picha kwenye seva yenye pawa saplai mbili za wati 495. Sasa onyo linakuja mchana na kuondoka usiku, ingawa taa zote mbili ni kijani. Fundi ametuletea moja iliyotumika ya wati 750 tuichanganye. Itafaa?
*Msomaji, Soweto, Moshi*

JIBU: Utambuzi wa fundi ni sahihi, kifaa ndicho si sahihi. Mchana seva yenu inavuta zaidi ya wati 495, kwa hiyo pawa saplai moja ikifa, iliyobaki haiwezi kuibeba. Seva inajua hilo na inasema mapema. Usiku kazi zikipungua, hesabu inarudi.

Lakini 750 na 495 hazichanganywi. Kwenye Dell, ile isiyolingana itapepesa kijani mara chache kisha ijizime, na mtakuwa mmerudi kwenye moja. Tafuteni mbili za 750 zinazofanana: wati sawa, daraja moja la 80 PLUS, yaani la ufanisi wa umeme (Platinum na Platinum, si Platinum na Titanium), na toleo linalokubaliwa na modeli yenu. Kutoka 495 kwenda 750 zimeni seva kwanza, mbadilishe zote mbili kwa pamoja. Kabla ya kumlipa muuzaji, mwambieni awatumie picha ya lebo, isiwe ya boksi.